Pipa la Ngombezi

Mwaka ule tulikula ugali wa unga wa njano wa msaada, na kabla haujafika tulichemsha mizizi ya porini. Ndiyo kwanza tumehamishiwa kijiji cha ujamaa, ng'ambo ya Chanika, Handeni. Gari la maji likija, mwenye pipa alijaza, mwenye chungu alibaki analia. Mimi nilikuwa na chungu. Mdogo wangu Yoeli, mpishi wa mzungu mmoja kule Ngombezi, shamba la mkonge karibu na Korogwe, akaniletea salamu: bosi anarudi kwao, anagawa vyombo, na pipa lipo.

Alfajiri nilipanda lori la mkaa. Nilishuka Korogwe mweusi kuliko mzigo.

Mchana, Ngombezi, kwenye harufu ya mkonge uliosagwa, Yoeli alinipeleka stoo. Pipa la mbao, zuri, lakini lilikuwa na divai nusu.

"Imeharibika hiyo, dada. Hata nzi haitaki. Mwaga tubebe."

Mzungu, mzee aliyekonda, akasema, "Onja kwanza, mama."

Akanikingia kwenye glasi. Divai nyeupe ilikuwa imegeuka rangi ya asali. Nikanusa: karanga za kukaanga, pamoja na maganda yake. Nikanywa. Sukari hakuna hata chembe. Ilibana ulimi, kisha utamu wa korosho ukabaki mdomoni muda mrefu baada ya kumeza. Kwetu Bungu, nilikozaliwa, tunapika boha, pombe ya miwa, na mimi boha naijua. Ukiichelewesha inakuwa siki. Hii ilikuwa imezeeka vizuri.

"Umeifanyaje?"

"Sikufanya kitu. Mke wangu alilijaza, akafa. Sikuongeza tena. Hewa ikaingia, ikaota utando juu kama maziwa, nikaiacha." Akatazama chini. "Kusafiri nayo siwezi. Kuimwaga pia siwezi. Nisaidie wewe kuimwaga, uchukue pipa."

Kwetu pombe ya kumwaga chini ni ya wafu. Anamwaga wa ukoo, akimtaja jina aliyekufa. Mgeni hagusi.

"Mzee, marehemu si wangu, simwagi."

"Dada, na maji je?" Yoeli alikaribia kulia.

Mzee akanijazia tena glasi. Tukanywa taratibu, sote watatu, mpaka jua likapungua.

Jioni ya kesho yake nilifika kijijini mikono mitupu. Balozi wetu wa nyumba kumi alinisubiri mlangoni kwangu na ndoo zake mbili, tayari kwa gari la maji. Nikamsimulia yote.

"Bibi, umekwenda mpaka Korogwe kunywa pombe ya mzungu, pipa umeliacha? Si ungemwaga tu?"

Utamu ule wa korosho ulikuwa bado uko mdomoni. Nikachukua chungu changu, nikamwambia:

"Marehemu si wangu, simwagi."