Askari Wanaomkumbuka Adui wa Jana

Nakumbuka siku niliporudi kijijini kwetu Haneti na stashahada yangu ya maabara ndani ya bahasha ya plastiki, nikaipitisha kila nyumba ambako walisema sitaweza. Mwanangu, walisema waziwazi. "Asomee damu, yule aliyezimia tulipochinja beberu?" Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Basi nilisoma, nikafaulu, nikafanya kazi Dar es Salaam, na darasani kwetu hakuna aliyetumia darubini kunizidi. Sijisifu. Au najisifu kidogo, maana stashahada ile nimeitolea jasho.

Wiki ileile mdogo wangu Sechelela, ambaye naye alikuwa akifanya kazi Dar, akaja nyumbani likizo. Siku ya pili akashikwa na homa kali, macho yakimuuma kwa nyuma, viungo vyote vikimkataa. Nikampima malaria, hakuna. Nikajua ni dengi, homa ile inayoenezwa na mbu. Wala sikustuka, maana miaka miwili nyuma tuliugua dengi pamoja kule Dar, tukanywa maji, tukalala, tukapona.

Mama alitaka tumpeleke hospitali. Nikamkalisha nikamhutubia. Nikamweleza kwamba ndani ya damu mna askari waitwao seli T, na wakishapambana na kirusi mara moja, baadhi yao hubaki wakimkumbuka, ili akirudi wamvamie upesi.

"Sechelela ana askari waliohitimu, mama," nikasema. "Kama mimi."

Siku ya tano homa ikashuka. Nilishangilia kana kwamba nimeishusha kwa mikono yangu, nikamwambia mama achinje kuku. Mama hakwenda bandani. Alibaki ameketi kitandani, ameushika mkono wa binti yake.

"Homa imeondoka, lakini mkono umekuwa baridi kama mtungi," akasema. "Na tumbo linamuuma tangu alfajiri."

"Ni uchovu tu, mama. Damu ndiyo niliyosomea."

"Wewe una cheti cha damu, Elia. Mimi nina mtoto. Nenda katafute gari."

Sechelela akafumbua macho, akajaribu kutabasamu, nami nikaona damu kwenye fizi zake. "Kaka," akaninong'oneza, "hao askari wako mbona wananipiga mimi?"

Nilitoka mbio. Mfanyabiashara mmoja wa alizeti alikuwa anapakia gari lake dogo. Akashusha magunia, tukamlaza Sechelela nyuma juu ya godoro, kichwa chake mapajani mwa mama. Njia nzima hadi Dodoma mjini niliushika mkono baridi wa mdogo wangu. Hilo nalo lilikuwa jipya kwangu.

Maabara ya hospitali ilikuwa na mtaalamu mzee, tumwite Mzee Lameki. Nilipomwamkia nikamtajia stashahada yangu, akanisogezea darubini. Chembe zinazogandisha damu zilikuwa chache mno. Nikatazama tena. Ilikuwa damu ya mdogo wangu, mwanangu, nami nikamsimulia mzee yote: dengi ya Dar, hotuba ya askari, na nilivyombishia mama.

"Kijana, dengi ziko aina nne," akasema Mzee Lameki. "Askari wake wanaikumbuka ile ya kwanza. Hii huenda ni nyingine, imefanana nayo sura tu. Wanaikimbilia kwa wingi, shabaha yao haipo sawasawa, wanaamsha vurugu mpaka mishipa inavujisha maji. Na homa inaposhuka, hapo ndipo pa kuogopa."

Akaniambia pia kwamba wataalamu bado wanabishana: wapo wanaosema mara nyingi seli hizohizo ndizo zinazotuokoa, na kwamba kingamwili za zamani, silaha ambazo mwili huzitengeneza dhidi ya kirusi, nazo zina lawama zake. Kisha akanitazama juu ya miwani. "Lakini wewe hukuwa unabishana na wataalamu. Ulikuwa unabishana na mama yako."

Siku mbili Sechelela alikuwa kwenye dripu, wauguzi wakimpima presha kila mara, nami nimeishika miguu yake nikiisubiri ipate joto. Ilipopata, nililia mbele za watu. Mama akanifuta machozi kwa ncha ya kitenge.

Tuliporudi Haneti, nilipita tena zile nyumba zote, safari hii bila bahasha. Nikawaambia: mgonjwa wa dengi homa ikishuka, msichinje kuku bado. Shikeni mikono yake. Akiumwa tumbo, akitoka damu, mkimbizeni hospitali. Hata wale walionicheka walinikaribisha nikae.

Mwanangu, nakuusia hivi. Soma, tena soma kuliko mimi, ukiweza. Lakini kilichokuokoa jana usikifanye jibu la leo kabla hujamtazama vizuri aliye mbele yako. Na mtu asiye na cheti akikuambia mkono umekuwa baridi, nyamaza, uushike.

Mungu akupe macho ya darubini na mikono ya mama yangu. Na kila utakapokosea, akuachie nafasi ya kufika hospitali.