Baba Anajipima kwa Sisimizi

Mhariri, naomba jina langu lisiandikwe. Jambo hili sijapata kumwambia mtu, hata mama: asubuhi ile baba alipoamka uso umevimba, nilifurahi. Kidogo tu, lakini nilifurahi.

Mie ni msichana wa miaka kumi na sita, nasoma kidato cha pili, na kwetu ni Temeke. Baba ana ugonjwa wa sukari. Jirani humtania, "Mji mzima tunapanga foleni ya sukari, kumbe ndugu yetu umeificha mwilini."

Mimi ndiye niliyekuwa nikimsindikiza hospitali. Safari ya mwisho daktari alieleza kwamba mwili wa baba bado unatengeneza insulini, homoni ya kushusha sukari, ila hauitii. Mkojo nao ulionyesha protini, dalili kwamba figo zinaumia. Akamtoa damu ili apime homoni na hali ya figo, akatuambia turudi kuchukua majibu. Njiani baba alinishika bega akasema mimi ndiye macho yake. Sijaisahau siku hiyo.

Kisha akaja Mwanaidi kutoka Lindi, binti wa marehemu baba mdogo. Amepewa jina la bibi yetu, kwa hiyo baba humwita "mama". Mama kala? Mama kalala? Mimi naitwa nikitakiwa kuleta maji.

Mwanaidi ni mchapakazi. Kila alfajiri hufagia msalani na kumwaga majivu, kama walivyozoea kwao. Na baba, tangu zamani, hujipima kwa sisimizi: wakijaa pale alipokojoa, sukari ipo. Majivu yalipoanza, sisimizi wakatoweka. Baba akatangaza kuwa amepona, mama yake kaja na baraka. Vidonge akaviacha, majibu hakuyafuata.

Nilimweleza kwa adabu kwamba sisimizi wamefukuzwa na majivu. Akacheka. "Mwanangu, na wivu nao una vidonge vyake?"

Nilikwenda kulia chumbani, kwa sababu wivu nilikuwa nao kweli.

Alipovimba uso, na miguu ikafuata, nilingoja aniite aseme nilikuwa sahihi. Akamwita Mwanaidi amkande miguu. Jioni Mwanaidi alinifuata jikoni. "Dada, mie sijasema baba kapona. Kasema mwenyewe. Mie naogopa."

Wasomaji wenzangu, nishaurini. Nikinyamaza, figo za baba zitakwisha. Nikisema, sisikilizwi. Mwanaidi akisema atasikilizwa, lakini hapo nitakuwa nimempa hata kile kidogo kilichokuwa changu. Mtu afanye nini na moyo wa namna hii?

Kabla sijaituma barua hii, niliona siwezi kungoja majibu yenu. Nilimkalisha Mwanaidi nikamfundisha yote: insulini, protini, figo, hadi akayasema bila kukwama. Nikamwomba asinitaje. Kulipokucha alimpigia baba magoti akamwambia. Baba hakubisha hata neno moja. Alivaa viatu kwa shida, wakaondoka wawili.

Walirudi alasiri. Figo zimeumia, ila daktari kasema bado zinafanya kazi, vidonge visiachwe tena na chumvi ipunguzwe. Baba alimwambia mama kwamba mtoto huyu ana akili kuliko waliosoma.

Nilisema ni kweli, nikaenda kupika mchicha bila chumvi.