Siku Niliyofundishwa Kiswahili Mpakani

Wacha niwaambie mwenyewe kabla Neema hajawaambia, kwa sababu yeye akisimulia anaongezanga chumvi na hii stori haihitaji chumvi, aibu yake inatosha. Mimi, mtu wa Nakuru, dereva wa gari la dobi pale Dubai Investments Park, mwenye leseni ya hapa (niliyoifeli mara tatu, lakini hiyo si stori ya leo), nilirudishwa darasa la kwanza katikati ya barabara, magari yamepanga foleni nyuma yangu na mchumba wangu akiangalia.

Neema ni Mtanzania wa Tanga, anafanya kazi kwa mkahawa mmoja Jumeirah Lake Towers ambako mimi hupeleka vitambaa vya meza. Siku hiyo tulipata ofu pamoja, kitu ambacho hutokea kama mvua ya huku, tukakodi gari ndogo twende Hatta tuone bwawa, na kile kijiji cha kale chenye minara ambayo watu wa zamani walikuwa wanakaa juu kuchunga nani anakuja. Lakini kwangu hayakuwa matembezi tu. Baba yake alikuwa amemuuliza kama huyu Mkenya aandike barua ya posa ama asijisumbue (kwao hutumi wazee hivi hivi, lazima barua itangulie), na Neema alikuwa amemwambia atampigia jioni hiyo, akishakaa na mimi siku nzima. Yaani nilikuwa kwa mtihani na nilijua.

Sasa, simu ilisema tuzungukie Maleha. Neema akasema tufuate simu. Mimi nikaona ile barabara ya zamani inayopitia Madam imenyooka kabisa (ndiyo, kuna mji unaitwa Madam, nikamwambia hata siku ya ofu lazima nikutane na madam, hakucheka), nikasema dereva mzima haongozwi na simu. Akageuka, akaangalia dirishani. Hapo ndipo ningesimamisha gari niombe msamaha, lakini nilikuwa naendesha vizuri sana.

Kumbe ile barabara inakata kipande cha Oman kabla ifike Hatta, na sisi wa vitambulisho vya kazi haturuhusiwi kupita. Kushtuka, kizuizi, na afande wa makamo, ndevu zimechanwa vizuri, amenyoosha mkono. Mtu mwenye akili angesema sorry sir na kugeuza. Mimi nikampa vitambulisho, nikamgeukia Neema nikitabasamu kama mtu anayeongea juu ya hali ya hewa, nikamwambia, "Sema wewe ni mke wangu na tunaenda kuona ndugu yako mgonjwa. Usiogope, hawa hawajuangi Kiswahili."

Afande akamaliza kusoma vitambulisho, taratibu, akainama kwa dirisha.

"Tunakijua. Mama yangu kazaliwa Unguja. Halafu si hawajuangi, kijana. Ni hawajui."

Jamani. Nilijaribu kusema kitu kwa Kiarabu changu cha dobi, ambacho chote ni taulo na shuka, akaniinulia kidole ninyamaze, akamwita mwenzake aje asikie, na huyo mwenzake naye akaja anacheka kwa Kiswahili. Wakaniambia nishuke. Nyuma kulikuwa na basi dogo la watalii, wote wamegeuza shingo. Nikaambiwa nirudie. Nikasema hawajui. Nikaambiwa sauti. Nikasema hawajui, kwa sauti, mikono nyuma, kama mtoto anayekariri jedwali la mara sita.

Halafu afande akamuuliza Neema mgonjwa anaumwa nini. Neema akasema hakuna mgonjwa.

"Na mume?"

"Bado, afande. Baba anasubiri simu yangu leo. Huyu nilimwambia tufuate ramani, lakini hasikiagi."

"Na wewe dada, hasikiagi ndiyo nini? Huwa hasikii." Akaturudishia vitambulisho. "Haya, yalla, rudini mzungukie Maleha. Na uongo mwingine usijaribu."

Nikashukuru Mungu, nikaingia, nikageuza kwa haraka ili nitoke machoni mwa lile basi, na kwa haraka hiyo hiyo gari likameza koni moja ya plastiki, zile za kuzuia barabara. Nilisikia inakwaruza, nikaongeza mwendo. Firimbi ikalia. Afande akaja anatembea polepole, akauliza kama sasa tunaiba na vifaa vya serikali. Nikalala kifudifudi kwa lami, shati langu jeupe la matembezi, nikaivuta koni hiyo huku Neema akisema kushoto, kushoto kwako, na safari hii nilisikiliza.

Tulizunguka Maleha. Simu ikisema kata, nakata. Tulifika Hatta kijiji kinafungwa, tukaiona minara kutoka chini tu, na Neema akasema waliokuwa wanakaa kule juu wangeniona nikikosea njia tangu asubuhi. Kisha akatoa simu akampigia baba yake hapo hapo ndani ya gari, bila hata kushuka. Niliangalia doa la lami kifuani mwangu nikijua imeisha, khalas. Akasalimia, akasikiliza swali, akaniangalia.

"Baba, huwa anakosea njia. Ila akirudishwa, hurudi."

Sikusikia mzee alisema nini. Neema alikata simu akaniambia nikanunue kalamu.

Barua nimeiandika mara nne sasa na kila mara Neema ananirudishia imejaa wino mwekundu. Nimeapa hata nikiharakishwa namna gani sitabishana na ramani tena, wala sitasengenya mtu yeyote kwa Kiswahili katika nchi hii nikidhani haelewi. Na hilo neno la mpakani nimeliacha kabisa. Siku hizi silitumiangi.