Boma Nililoogopa Kurudi

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika Mogitu na sanduku la bati, godoro lililokunjwa na barua ya kupangiwa kituo, na niliogopa tangu nilipokanyaga chini. Nilikuwa kijana wa Upareni. Sikuwa nimewahi kukutana na upepo wa baridi kama ule unaoshuka kutoka mlimani, na lugha za watu wa pale sikujua hata salamu. Mwalimu Mkuu, mtu mfupi aliyevaa koti la sufu hata jua likiwaka, aliitikia shikamoo yangu, akaisoma barua mara mbili, kisha akanikabidhi rejista ya mahudhurio ya darasa la tatu. Ninyi vijana leo mnajaza mahudhurio kwenye kishikwambi. Sisi tulikuwa na daftari pana lenye miraba, mstari wa mshazari kwa mtoto aliyekuja, duara kwa asiyekuja. Wino ukimwagika, unaeleza kwa maandishi.

Siku zile mzazi alikuwa akiitwa shuleni kwa barua ya wito yenye mhuri, anayoipeleka mtoto. Wazee wengi hawakujua kusoma, lakini mhuri waliujua, kwa kuwa ndio uliokuwa kwenye karatasi za mahakama na za kodi. Walikuja wamevaa nguo safi, wakasimama mlangoni wakiwa wameshika kofia. Wiki ya kwanza nilimwita baba mmoja, na mikono ilimtetemeka hata fimbo ikamponyoka. Alipoondoka Mwalimu Mkuu aliniambia, “Mzazi akija anatetemeka, hujamwita. Umemkamata.” Nilicheka kwa adabu. Nilidhani ni maneno ya mzee anayekaribia kustaafu.

Nilikaa Mogitu miaka kadhaa, nikaoa, tukapata mtoto wetu wa kwanza, Saidi. Kisha Afisa Elimu Wilaya akaniita Katesh. Alikuwa na tabia ya kugonga meza kwa penseli anapoongea, na ukitaka kujibu anagonga kwa nguvu zaidi. Alinipa ualimu mkuu wa shule moja upande wa Basotu, kule tambarare, ukishayapita mashamba ya ngano. Wazazi wengi huko walikuwa wafugaji wa Kibarbaig. “Ile shule ina watoto kwenye karatasi,” alisema. “Mimi nataka niwaone kwenye madawati. Mwalimu mkuu asiyejua mtoto wake yuko wapi, huyo mimi namwita mlinzi wa majengo.” Nilitoka ofisini kwake na jasho mgongoni. Kusema kweli, fisi wa njiani niliwaogopa, lakini penseli ile niliiogopa zaidi.

Tulihamia wakati mke wangu, Mama Saidi, ana mimba ya pili. Nyumba ya mwalimu ilikuwa ndani ya kiwanja cha shule, vyumba viwili na jiko la nje. Nilikuta kamati ya shule, yaani wazazi waliochaguliwa kuisimamia shule pamoja na walimu. Mwenyekiti wake alikuwa Mzee Gidabay, Mbarbaig mrefu, mpole, aliyezungumza Kiswahili taratibu kama mtu anayechagua mbegu. Alinishauri nisiende kwenye maboma peke yangu mwaka wa kwanza. Nilimwitikia ndiyo, lakini rejista yangu ilikuwa imejaa duara, na mkaguzi alikuwa anakuja mwisho wa mwezi.

Ndipo nikafanya msako. Ndivyo tulivyouita: unachukua orodha ya watoro, unapita nyumba kwa nyumba, unarudi nao. Mzee Gidabay alikuwa amepeleka ng'ombe kwenye maji, sikumsubiri. Boma la nne nilimsikia mwanafunzi wangu wa darasa la tano akiongea ndani. Mwanamke aliyekuwa uani alisimama mbele yangu akasema jambo kwa lugha yake, akalirudia kwa sauti ya juu. Nilimpita. Ndani kulikuwa na giza na harufu ya samli. Kulikuwa na mama amelala, mtoto mchanga kifuani, na yule mwanafunzi amechuchumaa karibu na moto. Nilimshika mkono nikamtoa nje. Mama alilia kwa sauti ambayo mpaka leo sitaki kuielezea. Mimi niliondoka nikijisifu moyoni kwamba nimepata mmoja.

Jioni ile Mzee Gidabay alikuja, akakataa kiti.

“Mwalimu, umeingia nyumba ya mama aliyejifungua?”

Nilisema nilimfuata mwanafunzi. Akanieleza kwamba mama akishajifungua, nyumba ile ni yake na ya mtoto, na mwanamume hakanyagi, mpaka miezi yake iishe. Kuingia ni kosa, na kumvuta mtu ndani yake ni kosa zaidi.

“Basi nisaidie kuomba radhi,” nilisema.

“Hili si la wanaume. Ni la kina mama. Watakaa. Wakimaliza kukaa, watakuambia.”

Walikaa siku tatu. Walikusanyika chini ya migunga ng'ambo ya uwanja wa mpira, wamevaa nguo zao za ngozi, kila mmoja na fimbo yake, na hakuna mwanamume aliyesogea karibu. Hakuna mtoto hata mmoja aliyekuja shule. Mimi na mwalimu mwenzangu tulipiga kengele, tukaingia darasani, tukachora duara kutoka jina la kwanza hadi la mwisho. Kila nilipochungulia dirishani niliona wameelekeza nyuso kwangu, au ndivyo nilivyodhani. Mzee Gidabay alinionya kwamba mtu akikataa hukumu yao hasalimiwi, hapewi moto wala maji, na maneno yao mabaya huifuata nyumba yake. Nilikuwa mtu wa elimu na mtu wa sala, nikajiambia hayo hayanihusu. Halafu nilimtazama mke wangu anavyoinuka kwa shida kutoka kwenye kigoda, tumbo limetangulia, nikamwambia Mzee Gidabay nitalipa watakachosema.

Hukumu ilikuwa dume jeusi la ng'ombe. Nilikwenda mnadani na Mzee Gidabay, tukalileta, nikalikabidhi kwa kina mama wenyewe. Aliyelipokea alikuwa Bibi Udawida, mama mkwe wa yule mama aliyejifungua, bibi mwembamba mwenye bangili za shaba hadi kwenye kiwiko. Ndiye aliyekuwa mkunga wa maboma yale yote. Hakunitazama. Walilichinja, wakala, wakaimba, wakatawanyika. Asubuhi yake watoto walirudi shuleni, na yule wa darasa la tano akiwemo.

Hapa ndipo naomba mnisikilize, ninyi mlioajiriwa juzi. Mimi nilidhani sasa nimepata maadui wa kudumu. Kina mama wakipita kwenda kisimani nilifunga mlango. Nilimkataza Mama Saidi kuchota maji nao, nikawa nayaleta mwenyewe kwa baiskeli, mwalimu mkuu mzima na madumu mawili. Wakisimama langoni nilimwambia asitoke. Baada ya muda wakaacha kusimama, nami nikasema, unaona, wanatuchukia. Nilipanga akikaribia kujifungua nimpeleke Katesh.

Mvua ilitutangulia. Udongo wa kule ni mweusi na mzito, ukilowa hakuna gari linalopita, na mtu anatembea kama amefungwa mawe miguuni. Uchungu ulimshika Mama Saidi alfajiri, kabla ya siku zake. Zahanati ilikuwa mbali, ng'ambo ya korongo lililojaa maji. Mwalimu mwenzangu alikuwa likizo. Boma la Bibi Udawida lilikuwa karibu, ukisimama kwenye veranda ya nyumba yetu unaliona. Mke wangu aliniambia, “Nenda kawaite wale mama.”

Nilitoka. Nilifika kwenye veranda, nikasimama. Niliuona moshi wa boma lile. Nilifikiria jinsi nitakavyofika pale, mimi niliyemburuta mtoto kutoka chumba cha mzazi, niseme mke wangu anajifungua, njooni. Niliwaona wakinicheka. Mbaya zaidi, niliwaona wakija, wakimshika mke wangu kwa mikono ileile iliyokamata fimbo, na maneno yao yakiwa bado juu ya nyumba yangu. Nilisimama pale mpaka mvua ikapungua na kuanza tena. Kisha nilirudi ndani nikamwambia, “Nimewaambia. Wanakuja.”

Alinishika mkono akashukuru.

Jua lilipopanda aliniuliza mbona hawaji. Nilitoka tena, nikasimama palepale. Nilirudi nikasema, “Wamekataa.” Mdomo wangu ndio uliosema hivyo, na nilipousikia nilitaka ardhi inimeze. Mama Saidi aligeukia ukutani.

Mpaka saa nane mchana alikuwa akilia, halafu akanyamaza. Ule ukimya uliniogopesha kuliko kina mama wote, kuliko laana, kuliko Afisa Elimu. Ndipo nilipokimbia. Nilianguka mara mbili kwenye matope, nikafika bomani sina viatu, nikakaa nje ya lango maana sikuthubutu kuingia, nikapiga kelele kama kichaa. Bibi Udawida alitoka. Hakuuliza swali. Aliita wenzake wawili, wakaja wakikimbia, nguo za ngozi zimelowa, mbele yangu.

Walinifungia nje ya nyumba yangu. Nilikaa kwenye mvua na Saidi mapajani. Jua lilipokuwa linaelekea kuzama Bibi Udawida alitoka akinawa mikono. Mama yu hai, alisema. Mtoto alikuwa wa kike, alichoka njiani, hakufika.

“Alianza saa ngapi?” aliniuliza.

Nikamwambia alfajiri.

Alinitazama usoni kwa mara ya kwanza. “Sisi tulikutoza dume, mwalimu. Tukala, likaisha. Tulikutoza ili uweze kuja.”

Kina mama walikaa na mke wangu siku nyingi. Walipika, walimkanda, walimwogesha, na yule mzazi niliyeingia kwake, ambaye hakuruhusiwa kutoka, alimtumia maziwa kila asubuhi kwa mkono wa wenzake. Mama Saidi aliyanywa na kusema asante. Lakini hakuwahi kuwa rafiki yao, na mimi nilijua kwa nini. Alidhani walikataa kumjia. Mimi niliacha hivyo, na kina mama hawakujua wanatuhumiwa.

Baadaye nilifanya kazi vizuri, nasema hivyo bila kujisifu. Nilifuta msako. Mwalimu wangu akienda bomani alikaa nje ya lango mpaka aitwe, hata kama ni kwa muda wa saa mbili. Mikutano ya wazazi niliihamishia mchana, mifugo ikishanywa maji, na kina mama walikuwa na kikao chao kwanza bila mwanamume yeyote, kisha wanamtuma mmoja atuambie wameamua nini kuhusu uji wa watoto au njia yenye fisi. Wao ndio waliopanga zamu za kuwasindikiza watoto asubuhi. Nilipokuwa Mratibu Elimu Kata kule Masakta, anayesimamia shule zote za kata, nilifundisha walimu wakuu mtindo huohuo. Siku hizi mna makundi ya wazazi kwenye simu, na ni jambo zuri, ila naona wengine mnatuma majina ya watoro humo mbele ya watu wote. Nikiyaona hayo nakumbuka fimbo ya yule baba ikianguka.

Siku ya kuniaga, Afisa Elimu wa wakati huo, kijana niliyemfundisha kusoma, alisimama na kipaza sauti akasema mimi nilijenga daraja kati ya shule na jamii kwa sababu sikuwahi kuwaogopa wazazi. Watu walipiga makofi. Nilivishwa shuka, nikapewa mbuzi. Mama Saidi alikuwa kiti cha pembeni akitazama vidole vyake. Nilipopewa nafasi ya kujibu nilishukuru serikali, nikashukuru kamati, nikakaa.

Niliombwa kuandika kumbukumbu hizi ili walimu wapya wajifunze. Niliziandika mara mbili bila habari ya mvua ile, na mara mbili nikazichana. Bibi Udawida ameshafariki, Mzee Gidabay pia. Nilibaki namwogopa mtu mmoja. Macho ya Mama Saidi hayasomi tena maandishi madogo, kwa hiyo juzi, baada ya chai, nilimsomea yote, mpaka hapo kwenye veranda, mpaka pale niliposema wamekataa.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema alijua siku ileile.

“Uliingia mara mbili,” alisema. “Viatu vyako havikuwa na tope.”

Nilimwuliza kwa nini hakusema miaka yote hii. Alikunja upindo wa kanga yake. Kisha akasema na yeye aliogopa, kwamba nikikiri hataweza tena kukaa nami.