Makofi Mawili Pajani

Taratibu hakupewa jina hilo kwa sababu ya upole. Alitembea polepole, alikula polepole, hata kamba za viatu alizifungua kama mtu asiye na pa kwenda, lakini ngumi yake ya kulia haikujua subira. Leo ana miaka hamsini na kitu, mvi zimemjaa, anafundisha ndondi katika jengo lililokuwa ghala la mbao. Akisikia makofi mawili yanayofuatana, popote pale, moyo unamlipuka.

Mkewe ameshazoea. Akikung'uta mkeka, hukung'uta mara moja au mara tatu. Aliwahi kuuliza sababu, akaambiwa ni masikio, ngumi za zamani hizo. Akaamini nusu, nusu nyingine akainyamazia.

Mambo yalianza kwa mwalimu wake wa kwanza, mtu mfupi mwenye sauti ya kukwaruza, ambaye hakutaka kulisikia neno "nimeumia." Ukilitamka, anakuita yai mbele za watu wiki nzima. Basi Taratibu na rafiki yake wa chanda na pete wakajitungia alama yao. Huyo rafiki alikuwa Kijiko, mwembamba mwili mzima isipokuwa kichwa. Ukizidiwa mazoezini, unajipiga paja kwa glovu mara mbili. Mwenzako akiona anaacha, anakukumbatia kama vile anayepumzika ni yeye. Mwalimu aliishia kuwakemea kwamba wanakumbatiana mno, wamekuja kupigana au kuposana? Kwa miaka sita hapakuwa na mtu wa tatu aliyeijua siri ile.

Baadaye Kijiko akahamia kwa mwalimu mwingine. Wote wawili walipanda, kila mmoja kwa njia yake, mpaka waandaaji wakawakutanisha kugombea mkanda. Siku yenyewe walipishana kwenye ujia wa vyumba vya kubadilishia nguo, mikono imeshafungwa bendeji.

"Leo paja limekufa, kaka," Kijiko akasema huku akicheka. "Hakuna kuombana."

"Limekufa, tumelizika," Taratibu akajibu, naye akicheka.

Raundi ya nane Kijiko alikuwa mbele kwa pointi. Taratibu akampata kwa ngumi ya pembeni, chini ya sikio, Kijiko akarudi kinyumenyume hadi kwenye kamba. Mkono wake wa kushoto ukashuka, ukapiga paja. Mara moja. Mara ya pili.

Taratibu aliona. Hilo ndilo linalomla mpaka leo, kwamba aliona vizuri kabisa. Ananitega, akawaza, si tumeshalizika? Na taya lilikuwa wazi, na mkono wa kulia ulikuwa umeshaondoka. Kijiko alilala hospitali siku tatu bila kufumbua macho, ya nne wakamfunika.

Mwamuzi alisema pambano lilikuwa safi. Madaktari wakasema ni bahati mbaya. Msibani mama yake Kijiko alimshika Taratibu mikono yote miwili, ile ile mikono, akamwambia, "Mwanangu, mchezo ndivyo ulivyo. Huna kosa." Msamaha ule ulimchoma kuliko matusi, maana mama wa watu alikuwa amesamehe kosa jingine, si lile alilolifanya.

Alipanda ulingoni mara tatu baada ya hapo, akapigwa mara zote tatu. Macho yalikuwa hayakai usoni kwa mpinzani, yanashuka kwenye mapaja. "Unatafuta nini huko chini?" mwalimu alimfokea. Akatundika glovu. Alipoanza kufundisha akawa mwalimu wa kuuliza "umeumia?" kila dakika, mpaka mabondia wake wakambatiza jina la pili, Nesi. Analiitikia bila kinyongo. Ile alama hakumfundisha yeyote.

Mwaka huu, mchana mmoja anafagia ghala peke yake, akaingia binti mwenye futi ya kupimia nguo shingoni.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba," akaitika, kisha akakitambua kile kichwa. Alikuwa binti wa Kijiko. Baba yake alipokufa alikuwa na miaka miwili. Sasa ana ishirini na mitano, ni fundi wa kushona sare za shule.

Hakuzunguka. Alitoa simu, akamwonyesha pambano ambalo Taratibu hajawahi kuthubutu kulitazama. Akalisimamisha raundi ya nane.

"Huu mkono wa baba, hapa. Unafanya nini?"

Taratibu alishikilia fagio.

"Mama anasema alikuwa anafuta jasho," binti akaendelea. "Daktari niliyemwonyesha anasema ulikuwa unatetemeka. Mimi nashona, baba mdogo. Mkono unaotetemeka naujua. Huu unasema kitu."

Uongo ulikuwa tayari mdomoni. Angesema "daktari yuko sahihi," binti angerudi kwenye cherehani yake, na yeye angebaki baba mdogo mpaka kufa. Aliutaka ulimi wake useme hivyo, ukakataa.

"Alikuwa ananiambia niache," akasema.

Akaeleza yote, mwalimu na mayai yake, miaka sita, utani wa kwenye ujia.

"Uliuona?" binti akauliza.

"Niliuona."

Binti akakaa kwenye benchi. Taratibu alipaswa kuishia hapo, lakini miaka ishirini na mitatu ilikuwa imefunguka na hakujua pa kuifungia. Akaendelea. Akasema taya lilivyokuwa wazi, mlio ulivyotoka, magoti yalivyolegea moja baada ya jingine, akasema macho, yalivyokuwa yakimtazama yeye hata baada ya kengele, akasema povu...

Binti aliinamisha kichwa, akanyanyua kiganja, akajipiga paja. Mara moja. Mara ya pili.

Taratibu akaona. Akaukata usemi katikati ya neno, akaweka fagio chini, akaenda akamkumbatia, kama vile anayepumzika ni yeye.