Ubavu wa Pivoine

Shemeji yangu Firmin Delsaux hajawahi kumtazama ng'ombe usoni. Nimemjua tangu alipomwoa dada yangu Odile, na kila akiingia bandani hupita moja kwa moja hadi nyuma. Huko ndiko akili yake iliko. Anasimama, anakunja mikono, anatazama mapaja, anatazama makalio, kisha anasema kwa sauti ya ibada, "Hiyo ndiyo nyama." Mimi ndiye mwenye bucha hapa kijijini Bois-Morlet. Nyama naijua, na sikatai kwamba hawa ng'ombe wetu weupe wa Condroz, huku Ubelgiji, wana nyama ya ajabu. Lakini mtu kuishi maisha yake yote nyuma ya ng'ombe, na bado ajione bwana mkubwa, hilo linanichosha.

Kazi yenyewe aliirithi kwa baba yake, mzee Désiré, naye aliirithi kwa baba yake. Hakuna aliyevumbua kitu, ingawa ukimsikiliza Firmin utadhani wao ndio waliomuumba ng'ombe. Ukweli ni kwamba ng'ombe wetu wana jeni iliyoharibika. Kwa ng'ombe wengine jeni hiyo huiambia misuli ikome kukua. Kwa wetu haisemi kitu, na misuli inajaa mpaka ngozi inabana. Ndama akiipata kwa baba na kwa mama, anatoka tumboni na mapaja yaliyokwisha kuvimba. Wazee waliliona jambo hilo wakalipenda, wakampandisha mwenye mapaja na mwenye mapaja, kizazi baada ya kizazi, huku nyonga za majike zikibana, mpaka ndama akawa mnene kuliko njia ya kutokea.

Basi siku hizi daktari wa mifugo anakuja na kisu. Anamnyoa ng'ombe ubavu wa kushoto, anampasua akiwa amesimama, anamtoa ndama, anamshona, ananawa mikono, anakula kipande cha keki yetu ya wali na kahawa, anakwenda shamba linalofuata. Hakuna anayeshangaa. Mtoto wa shule wa hapa ukimuuliza ndama anatokea wapi, atakuonyesha ubavuni.

Na kwa kuwa kila mmoja anapasuliwa kabla hajajaribu, hakuna tena ajuaye ni yupi angeweza. Wala watu wa aina ya Firmin hawataki kujua. Kwao kisu kimegeuka heshima. Ng'ombe akizaa mwenyewe, maana yake hana makalio, na asiye na makalio bwana wake naye si mtu. Pale mkahawani, karibu na kanisa, Firmin alikuwa hamwachi Marcel Hubin anywe kinywaji chake kwa amani. Marcel ni jirani yetu, mtu wa pole, ambaye ng'ombe wake wana nyonga pana.

"Enhe, Hubin! Zako bado zinazaa zenyewe kama panya?"

"Zinazaa, Firmin. Na mimi nalala usingizi."

"Lala tu, ndugu yangu. Sisi wenye ng'ombe hasa tuko macho."

Wenzake wa meza moja walikuwa wakicheka, naye akiinua glasi ya péket, pombe yetu kali, kana kwamba amesema jambo la maana. Kila Jumapili utani ulikuwa huohuo.

Lakini huyu bwana macho-kodo, kwa majigambo yake yote, hakuwa amewahi kutoa fahali hata mmoja aliyechukuliwa na kituo cha mbegu za kupandishia ng'ombe. Fahali akichukuliwa kule, mbegu yake inasafiri nchi na nchi, na jina la shamba linakwenda nayo. Mzee Désiré aliitamani heshima hiyo mpaka akafa. Jikoni kwao, juu ya stovu, alipigilia msumari wa kutundikia picha ya fahali wa kwanza wa Delsaux atakayekubaliwa. Msumari ule ulikaa mtupu miaka yote. Odile alikuwa akiufuta vumbi, na Firmin alikuwa akiutazama kila alipokunywa supu.

Mwaka jana, wakati wa machipuko, kituo kilipiga simu. Mtaalamu wao, Bi Greet Claes, Mflemi wa kule Limburg, kaskazini mwa nchi, atakuja Jumanne kumtazama mtamba wa Firmin aitwaye Pivoine, aliyekuwa karibu kuzaa uzao wake wa kwanza. Ndama akiwa dume na akipendeza, atachukuliwa akalelewe awe fahali wa mbegu. Firmin alipaka banda chokaa. Alipatana na Daktari Thonon wa mifugo aje na kisu chake Jumatatu. Kisha Jumapili akaenda mkahawani kujitapa mapema.

Asubuhi hiyo nilifunga bucha nikampelekea Odile nyama ya kuoka. Jikoni hakukuwa na mtu. Nikamkuta bandani, mikono mdomoni, na miguu ya mbele ya ndama imekwisha kutoka.

"Gaspard, nimpigie daktari?"

"Mpigie."

Hakuwahi. Pivoine alilala, akajikaza, akakoroma, na ndama akateleza hadi kwenye majani. Dume, mweupe mwenye madoa ya buluu, na mapaja yake hayo hapo, yamejaa kama kawaida yao. Pivoine akageuka akaanza kumlamba. Kwa desturi yetu ndama huondolewa mara moja akitoka ubavuni, mama akiwa bado anashonwa. Dada yangu amelea ndama wa shamba lile tangu alipoolewa, na hakuwa ameona jambo hilo hata siku moja. Alilia waziwazi.

Firmin akarudi akinuka péket. Odile alimkimbilia uani.

"Kazaa, Firmin! Kazaa mwenyewe! Hata kamba hatukuigusa!"

Uso wa yule mtu ukamshuka. "Punguza sauti. Nani kaona?"

"Mimi na Gaspard. Kwani kaiba?"

"Keshokutwa yule mama anakuja, anakuta mtamba wangu ana nyonga kama lango la kanisa! Atasema nini? Atasema Delsaux kaishiwa makalio."

"Shemeji," nikamwambia, "makalio si hayo hapo mbele yako?"

"Wewe kakate soseji zako."

Odile alijaribu tena. Alimwambia gazeti la wafugaji limeandika kwamba wanunuzi wa nje siku hizi hawataki ng'ombe wa kupasuliwa.

"Maneno ya Waholanzi hayo," Firmin akasema. "Watu wanaoshindia jibini watanifundisha mimi nyama?"

Akaenda akaleta mashine ya kunyolea. Akamnyoa Pivoine ubavu wa kushoto, mraba safi kabisa, kama afanyavyo daktari. Kisha akachukua mkebe wa dawa ya vidonda, ile ya kupuliza yenye rangi ya fedha, akampuliza mstari mrefu kutoka juu hadi chini. Akarudi nyuma kuutazama. Akaongeza kidogo. Mtu mzima, mwenye wajukuu, anamchora ng'ombe kidonda cha uongo ili kuficha kwamba amezaa salama! Nilikaa pale mlangoni nikashindwa hata kucheka. Pivoine aliendelea kumlamba mwanawe. Daktari Thonon akapigiwa simu asije, akaambiwa amewahiwa na daktari mwingine.

Jumanne Bi Claes akafika, mwanamke mrefu, na mabuti yake ya mpira kwenye buti la gari. Firmin alivaa koti lake jeupe la maonyesho. Nami nilikuwepo, maana nisingekosa jambo kama lile kwa lolote. Yule mama aliingia bandani akaanzia mbele. Akamtazama Pivoine machoni, akamtazama miguu, akamtazama akitembea. Firmin akawa anamsubiri kule nyuma peke yake.

Hatimaye akafika nyuma, akatazama, akaridhika. Akamtazama ndama kwa muda mrefu zaidi.

"Wazuri," akasema kwa lafudhi yake ya Kiflemi. "Wazuri sana. Na huyu mama, kazaaje?"

"Kwa kisu, bibi!" Firmin akajibu kifua mbele. "Kwangu wote kwa kisu, tangu enzi za marehemu baba. Njia ya kawaida tulishaifunga!" Akacheka peke yake.

"Hakuna hata mmoja aliyewahi kuzaa mwenyewe?"

"Hata mmoja! Naapa kwa kaburi la baba. Ukimsikia mtu anasema hivyo kuhusu Delsaux, nionyeshe."

Bi Claes akashusha pumzi. "Basi pole, Bwana Delsaux. Nimezunguka mashamba mwezi mzima namtafuta mtamba mwenye mapaja kama haya anayezaa mwenyewe. Ndicho wanunuzi wanachotaka sasa. Bibi yake huyu alikuwa na nyonga pana, ndiyo maana nilikuja." Akageuka kuondoka.

Nilimtazama Firmin. Hapo ndipo mtu mwenye chembe ya akili angeita, angeomba radhi, angecheka hata. Yeye akarekebisha koti lake. Aliyesema ni Odile, kutoka mlangoni, na aproni yake kiunoni.

"Kazaa mwenyewe, mama. Jumapili. Nilikuwepo."

"Mke wangu hajui mambo ya ng'ombe," Firmin akasema.

Hajui! Mwanamke aliyewanywesha maziwa ndama wote wa shamba lile! Ningekuwa na kisu changu cha bucha karibu, sijui.

Bi Claes akarudi taratibu. Akaweka dole gumba juu ya ule mstari akasugua. Rangi ikamganda kidoleni. Chini yake ngozi ilikuwa nzima, laini, bila uzi, bila hata mkwaruzo.

"Bwana Delsaux, hapa hapajapasuliwa kitu."

Hapo shemeji yangu akageuza kauli bila aibu yoyote. "Ndiyo! Si ndivyo unavyotaka? Kazaa mwenyewe! Mapaja haya na njia ya kawaida, utampata wapi mwingine? Mchukue ndama!"

"Namtaka," akasema yule mama, na nilimwamini, maana alikuwa akimtazama ndama kwa huzuni. "Namtaka kuliko wote niliowaona. Lakini mkulima wa mbali hatamwona mama huyu akizaa. Ananunua mbegu kwa kuamini neno la mwenye shamba, baba ni nani, mama alizaaje. Wewe umeniapia kwa kaburi. Nikimwambia kazaa mwenyewe, akaniuliza nimejuaje, nimjibu nini?"

"Neno langu je?" Odile akauliza.

"Nakuamini, mama. Lakini shamba lina jina la mumeo, si lako."

Akambusu dada yangu shavuni, mara moja, kama tufanyavyo sisi. Akajifuta kidole kwa kitambaa akaondoka. Firmin alibaki bandani amesimama mahali pake pa siku zote, nyuma ya ng'ombe. Odile aliingia jikoni, akachukua koleo, akapanda kiti, akaung'oa ule msumari, akautupa kwenye ndoo ya majivu.

Ikapita wiki. Jumapili nikamkuta Firmin mkahawani, ameketi mbele ya glasi yake, hamchokozi hata Marcel Hubin. Nikakaa naye, si kwa mapenzi, bali kwa ajili ya dada yangu. Machozi yalikuwa yakimlengalenga, mpaka nikaanza kumhurumia.

"Nimefikiri sana, shemeji," akasema. "Najua sasa nilikosea wapi."

Nikaweka glasi chini. Nilidhani hatimaye, baada ya miaka yote ile, kuna kitu kimemwingia kichwani. "Wapi, Firmin?"

"Ningemshona Pivoine," akasema. "Nyuzi chache tu, yule mama asingejua."