Amependekezwa Kukariri

Mwezi wa kumi na moja ukifika, mwalimu wa darasa la tatu huwa tumbo joto. Darasa la nne lina mtihani wa taifa, na matokeo yake husomwa kwenye kikao cha kata, shule baada ya shule, walimu wakuu wakiangaliana. Mwalimu mkuu wetu alikuwa na dawa yake, ambayo haikuandikwa popote. Watoto dhaifu wazuiwe darasa la tatu, wakariri mwaka, wasije wakauteremsha wastani wa shule.

"Madam, nataka majina manane," aliniambia. "Na barua ziende kwa wazazi kabla hatujafunga."

Nane, kati ya watoto mia na ushee. Shule iko Mkonze, pembezoni mwa makao makuu mapya ya serikali, na Mkonze ya sasa si ile. Viwanja vimepimwa, watumishi waliohamia na serikali wamejenga, na watoto wao wanabanana dawati moja na watoto wa wakulima na wafugaji waliokuwapo hapo tangu enzi za mababu. Wale wageni wanakuja na Kiswahili chao kutoka nyumbani. Wenyeji wengi Kiswahili wanakikuta shuleni, na kinawabana kama viatu vya kuazima. Muhula huo nilikuwa nimejaza fomu ya takwimu: wavulana wangapi, wasichana wangapi, yatima, wenye ulemavu, wanaotoka mbali. Hapakuwa na mahali pa kuandika nyumbani wanazungumza nini.

Majina yangu manane yote yalikuwa ya wenyeji. Niliona, nikajisikia vibaya, na bado nikaendelea kuandika. Mimi ni mwoga, tena wa siku nyingi, na uhamisho wa ghafla naujua ulivyo.

Jina la tano lilikuwa la msichana anayelelewa na bibi yake. Ukimsimamisha asome, kila r inageuka l, wenzake wanaangua kicheko, naye anafunga mdomo mpaka kengele ilie. Mbele ya jina lake niliandika: hajui kusoma. Barua yake, kama za wenzake, ilikuwa na mstari mmoja tu wa maana: mtoto wako amependekezwa kukariri. Neno "darasa" sikuliweka. Sisi walimu tukisema mtoto anakariri, tunaelewana.

Siku ya tatu bibi akaja, amevaa kitenge cha kanisani, kabeba mfuko wa karanga. Nikajiandaa kwa ugomvi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwalimu. Nimekuja kushukuru." Akaniwekea karanga mezani. "Barua kaisoma mwenyewe. Mimi nimekaa, yeye kasimama, kasoma mpaka mwisho. Amependekezwa kukalili. Nikasema, Mungu ni mkubwa."

Ilinichukua muda kuelewa. Kanisani kwao, Krismasi ikikaribia, huchaguliwa watoto wachache wa kukariri mistari ya Biblia mbele ya washarika wote, na mtoto akichaguliwa ukoo mzima unavimba kichwa. Bibi aliamini kwamba shule nayo imemchagua mjukuu wake. Kigogo, lugha ya kwao, changu kinaishia kwenye salamu, lakini siwezi kusingizia lugha. Kiswahili nilichohitaji kumwambia ukweli nilikuwa nacho. Nilimwambia asante kwa karanga.

Alipoondoka ndipo jambo la pili liliponijia. Barua ya mtoto niliyemwandika kwamba hajui kusoma ilisomwa na mtoto huyo huyo.

Kesho yake nilimwita nyuma ya darasa, tukiwa wawili tu, nikampa kitabu. Alisoma ukurasa mzima, polepole, l zake zote zikiwa mahali pa r, kisha akanieleza hadithi ilihusu nini. Nilikuwa nimemfundisha mwaka mzima bila kujua hilo. Niliona aibu sana.

Nikaenda kwa mwalimu mkuu. Hakuinua hata macho. "Ukitoa mmoja, lete mmoja. Nane ni nane."

Nikalifuta jina la tano na kuandika la msichana mwingine, jirani yao, binti wa mfugaji, ambaye mama yake hajawahi kukanyaga ofisini kwetu. Barua yake ikaenda kwao na mstari ule ule, na huyo sikumpeleka nyuma ya darasa. Niliogopa kwamba naye angesoma.

Kwa bibi sikusema neno. Nilijiambia mjukuu wake anapanda darasa, basi furaha yake haimdhuru mtu. Likizo nzima niliirudia kauli hiyo, na likizo nzima sikulala vizuri.

Januari, wiki ya kwanza, bibi akanikuta mlangoni mwa darasa la tatu. Safari hii hakuitikia shikamoo yangu.

"Mwalimu, tumekukosea nini? Barua ilisema wa kwangu atakalili. Leo unampeleka la nne, mtoto wa jirani ndiye umebaki naye akalili!"

Hapo sikuwa na pa kujificha. Nikamweleza. Kukariri kwa shuleni si kule kwa kanisani. Ni kurudishwa darasa, na hurudishwa anayeonekana ameshindwa. Mjukuu wake nilikuwa nimemkosea, nikarekebisha. Akanitaka nirudie. Nikarudia, nikingoja uso wake ufunguke, maana habari yenyewe kwake ilikuwa njema.

Akajishika kichwa.

"Unajua barua ya yule mtoto nani aliisoma? Mjukuu wangu. Mama yake aliileta kwetu, hajui kusoma. Na mimi ndiye niliyemweleza maana yake." Akaelekeza kidole ndani ya darasa. "Alipiga vigelegele, mwalimu. Aliuza mbuzi, akamshonea mtoto sare."

Tulisimama pale mlangoni, wote wawili tukitazama ndani. Binti wa mfugaji alikuwa dawati la mbele kabisa, peke yake, kwa sababu wengine walikuwa bado wanafagia uwanja. Sare ilikuwa mpya, kubwa kidogo mabegani. Aliponiona akasimama wima, akaweka mikono nyuma, na akasubiri nimwambie aanze kukariri.